Panga boi la zamani halitupwi

Mteja akiniambia panga boi lake limekufa, kwanza namuuliza: ukiliwasha na kulisukuma kwa mpini wa fagio, linaendelea kuzunguka? Likiendelea, mara nyingi mota ni nzima. Kilichochoka ni kapasita. Ndani ya mota mna koili mbili za shaba, ya kuendesha na ya kuanzia. Kapasita, mara nyingi ya mikrofaradi 2.5, huufanya umeme wa koili hizo upishane, na mpishano huo ndio unaolipa panga nguvu ya kuanza. Inauma kuona watu wanatupa mota ya shaba tupu kwa ajili ya kidude hicho.

Kabla ya kupanda ngazi nazima meni swichi. Swichi ya ukutani siiamini: katika nyumba nyingi za zamani imefungwa kwenye nyutro, hivyo waya wa moto unabaki hai darini. Kisha nahakikisha kwa testa.

Ganda la waya wa zamani ukilikunja linapukutika. Waya huo siuzungushii tepu, nautoa wote. Kwenye mota hutoka waya tatu ambazo rangi zake zimeshafifia. Napima kwa mita, mbili mbili: jozi yenye ukinzani mkubwa kuliko zote ndiyo inayokwenda kwenye kapasita; wa tatu ni wa pamoja.

Panga likikoroma, ni beringi. Vanishi ikinuka kuungua, mota inasukwa upya.

Mwisho nakagua boliti ya ndoano, raba na pini yake. Pini ikikosekana, silifungi.