Hewaukaa Hii Kwao ni Wapi?

Wanaobisha kwamba binadamu ndiye anayeipasha dunia joto hupenda kutaja volkano. Nyiragongo, pale karibu na Goma, hufuka hewaukaa usiku na mchana, na katika mabonde ya jirani hewa hiyo hutuama ikawa mazuku, yanayoua mbuzi na hata watu. Kwa nini basi lawama ziangukie makaa ya mawe na petroli?

Kwa wingi peke yake hoja hiyo haisimami: volkano zote za dunia kwa mwaka hazitoi hata asilimia moja ya hewaukaa tunayoitoa sisi. Ila mimi huvutiwa zaidi na ushahidi uliomo ndani ya hewa yenyewe.

Charles Keeling alipoanza kupima hewaukaa mlimani Mauna Loa, Hawaii, mwaka 1958, alikuta kama sehemu 315 katika kila milioni. Leo zimepita 420. Kabla ya enzi ya viwanda zilikuwa kama 280. Nyongeza hii imetoka wapi?

Viumbe hai wana kaboni-14, aina ya kaboni ambayo wakishakufa hupungua kwa nusu kila miaka 5,730. Makaa ya mawe, yaliyozikwa mamilioni ya miaka, hayana tena. Mwaka 1955 Hans Suess, akipima mbao za miti, alionyesha kwamba kaboni-14 ya angani ilikuwa ikizimuliwa na kaboni kongwe. (Baadaye majaribio ya mabomu ya nyuklia yalimwaga kaboni-14 mpya angani, yakavuruga hesabu kwa miaka mingi.)

Mbishi atasema kaboni ya volkano nayo ni kongwe. Kweli. Lakini mimea huipendelea kaboni-12, iliyo nyepesi, kuliko kaboni-13, na makaa na mafuta yamerithi upendeleo huo. Kaboni ya volkano haikuurithi. Angani, sehemu ya kaboni-13 inazidi kushuka. Moshi wa misitu ungeweza kuishusha pia, ila huo hubeba kaboni-14 yake.

Tena kuna oksijeni, ambayo Ralph Keeling, mwana wa Charles, alibuni namna ya kuipima kwa makini mwishoni mwa miaka ya 1980. Inapungua, kidogo mno kiasi kwamba pumzi zetu hazimo hatarini. Volkano ikitoa hewaukaa haili oksijeni, moto hula. Na upungufu huo, ukishahesabu oksijeni inayorudishwa na mimea, unaafikiana na makaa, mafuta na gesi vinavyochomwa.