Roboti Zinazojifunza Kuchimba kwa Wanyama

Udongo ni mahali pagumu kwa mashine kusafiri, kwani kadiri kina kinavyoongezeka ndivyo uzito wa tabaka za juu unavyozidi kuzibana chembe za chini, hata chombo kinachosukumwa wima kikakuta upinzani wa aina mbili: ule wa mbele, mahali ncha inapopasua njia, na ule wa ubavuni, yaani msuguano. Hii ndiyo sababu mitambo ya kuchimba visima huhitaji minara mizito na injini kubwa, ilhali wanyama wasio na kitu ila misuli yao hupita humo kila siku. Wahandisi waliowachunguza wanyama hao wamebaini kwamba siri yao haimo katika nguvu bali katika namna wanavyoubadilisha udongo unaowazunguka.

Mfano ulio bora zaidi ni wa kombe wa pwani ya Atlantiki ya Marekani, aitwaye kitaalamu Ensis directus, mwenye magamba mawili marefu na membamba kama mpini wa wembe wa kinyozi. Anette Hosoi na Amos Winter wa chuo cha MIT walieleza kwamba nguvu za kombe huyu, zikipimwa dhidi ya udongo uliotulia, zingemfikisha sentimita 1 au 2 tu, lakini kwa hakika yeye huzama hadi sentimita 70. Hunyoosha mguu wake laini kwenda chini, kisha hufunga magamba kwa ghafla. Kitendo hicho huuondolea udongo wa kandoni shinikizo lililokuwa likiushikilia, damu husukumwa mguuni ukavimba na kuwa nanga, na maji hufyonzwa kuingia katika nafasi iliyoachwa, yakichanganyika na chembe hata zikaachana. Kwa muda mfupi kombe huwa amezungukwa na ujiuji, akajivuta chini kwa urahisi, kisha akafungua magamba ili kujishikiza na kuanza upya. Kasi nayo ina mipaka yake: magamba yakifungwa polepole mno, udongo huporomoka bila kulainika, na yakifungwa haraka mno, chembe hazipati muda wa kuchukuliwa na maji.

Roboti ya Hosoi na Winter, RoboClam, huiga mwendo huo kwa hewa iliyoshindiliwa, na faida yake ni kubwa kuliko inavyodhaniwa. Katika uchimbaji wa kusukuma tu, kina kikiongezeka mara mbili, nishati inayotumika huongezeka mara nne. Kwa mbinu ya kombe, huongezeka mara mbili tu. Matumizi yanayokusudiwa ni nanga za vyombo vya chini ya maji na uteguaji wa mabomu yaliyofukiwa baharini.

Mbinu hiyo, hata hivyo, inadai udongo uliolowa maji. Kwa mchanga mkavu, watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Santa Barbara, na wenzao wa Georgia Tech walitoa mwaka 2021 roboti iliyo mrija wa kitambaa unaojikunjua kutoka ndani kwa shinikizo la hewa, mfano wa mzizi unaokua nchani. Kwa kuwa ubavu wake hausogei, msuguano wa pembeni haupo, na hewa inayopulizwa nchani hulegeza mchanga ulio mbele. Huko Korea Kusini, chuo cha KAIST kilitangaza mwaka 2020 roboti yenye kekee inayoiga meno ya fuko wa Afrika.

Msuguano, pamoja na ubaya wake wote, ukikosekana nao ni balaa. Chombo cha NASA kiitwacho InSight, kilichotua katika sayari ya Mirihi Novemba 2018, kilibeba kifaa cha Kijerumani cha urefu wa sentimita 40, kilichopewa jina la fuko, ambacho kilitakiwa kujipigilia kwa nyundo yake ya ndani hadi mita 5. Kila pigo lilikirudisha nyuma, na ni msuguano wa udongo uliotarajiwa kukizuia. Kifaa chenyewe hakikuwa na mguu wa kuvimba wala magamba ya kupanua. Udongo wa pale ulishikamana na kuacha tundu pana kandoni, kifaa kikawa kinarukaruka papo hapo. Mkono wa chombo ulikikandamiza kwa koleo lake, kikazama chote kwa shida, kichwa chake kikiwa sentimita 2 au 3 tu chini ya uso wa ardhi, na Januari 2021 jitihada hizo zikasitishwa.