Mstari moja tu

« Ordinatere haidanganyi », tunasikia watu wanasema. Ni kweli, lakini ordinatere inahesabu tu kile tunaipatia. Yenye ilifanyika mu Chuo Kikuu cha Duke, kule Marekani, inatuonyesha hivyo.

Mwili wetu uko na jene karibu 20.000. Hazitumike zote wakati moja : ingine inafanya kazi sana, ingine inanyamaza. Siku hizi wataalamu wanaweza kuzipima zote mara moja, na kwa kila mgonjwa wanapata namba maelfu, mstari chini ya mstari. Hakuna macho ya mtu yanaweza kumaliza kuzisoma. Njo maana wanatumia statistiki, ile hesabu ya kutenganisha ukweli na bahati tu.

Mwaka 2006, watafiti wa Duke walitangaza kwamba, kwa kupima jene za kansere, wanaweza kujua mbele ya wakati dawa gani itamfaa mgonjwa. Watu walifurahi sana. Tangu 2007, wagonjwa wakaanza kuchaguliwa dawa kwa njia hiyo.

Huko Houston, wanastatistiki wawili, Keith Baggerly na Kevin Coombes, wakarudilia ile hesabu. Haikutoka sawa. Kumbe, mu liste za jene, majina yalikuwa yamesogea mstari moja. Ni sawa vile mwalimu anaruka jina la kwanza akiandika pointi : kila mtoto anapata pointi za jirani yake, na darasa lote linaonekana vizuri tu. Tena, pahali pengine alama ziligeuzwa : kansere yenye kusikia dawa iliandikwa kwamba inaikataa.

Hawakusikilizwa haraka. Walichapisha makosa hayo 2009, lakini majaribio yalifungwa kabisa 2010, wakati wagonjwa zaidi ya 100 walikuwa wameisha kuingia. Mwaka 2011 andiko la kwanza likaondolewa. Na 2015, ofisi ya serikali ya Marekani ikasema kwamba haikuwa kosa peke yake : kulikuwa pia namba za uongo.

Sisi tunashika jambo moja. Wale wawili hawakuvumbua mashine mpya. Waliomba namba, wakahesabu tena. Siku tutaambiwa « mashine imechagua dawa yako », tusiogope kuuliza : nani mwingine alirudilia hesabu ?