Mlevi na Wachukuzi Wanne



Wapendwa wasikilizaji wa Uvira, wa bonde la Ruzizi, na ninyi mkaao kandokando ya ziwa mpaka Makobola na Baraka, leo twajifunza jambo linaloumiza nyumba nyingi: namna mlevi awezavyo kupata wenzake wa kumsaidia aache pombe.

Mwinjili Marko atupa habari za mtu aliyepooza. Watu wanne walimchukua kitandani wampeleke kwa Yesu. Walipoona mlango umezibwa na watu, walipanda juu, wakatoboa paa, wakamteremsha. Bwana aliiona imani yao, akamwondolea mgonjwa dhambi zake, akamponya. Yule mtu hakuweza kwenda mwenyewe. Mikono ya wenzake ndiyo iliyomfikisha. Mlevi naye yu vivyo hivyo.

SWALI: Je, ulevi ni dhambi au ni ugonjwa?
JIBU: Kinywaji chenyewe si dhambi, Bwana wetu aligeuza maji kuwa divai arusini Kana. Kupita kiasi kwa kusudi ni dhambi. Lakini mtu akinywa sana muda mrefu, mwili wake huzoea na nia yake hufungwa. Hapo ni ugonjwa pia. Basi yampasa kutafuta kitubio kwa ajili ya roho, na dawa kwa ajili ya mwili.

SWALI: Mbona aliyeapa Jumapili alewa tena Jumatano?
JIBU: Kwa kuwa ameapa peke yake. Apita mbele ya nyumba iuzayo kanyanga, rafiki zake wamwita, akikataa wamcheka. Wavuvi wa ndagala wajua kwamba wavu mzito hauvutwi na mtu mmoja.

SWALI: Wako waliopona kwa kusaidiana?
JIBU: Wako wengi. Mwaka 1935, katika mji wa Akron, Marekani, walevi wawili, mmoja mfanyabiashara na mwingine daktari, waliona kwamba kila amsaidiaye mwenzake hupata nguvu ya kutokunywa yeye mwenyewe. Hivyo kilizaliwa chama cha Alcoholics Anonymous, yaani Walevi Wasiotajwa Majina, kilichoenea katika nchi nyingi. Si chama cha Kanisa, lakini desturi zake ni njema: kila atakaye kuacha pombe hupokewa, hadaiwi ada, na siri zake hutunzwa.

Naye Matt Talbot, kibarua wa Dublin, Ayalandi, alianza kunywa akiwa bado mtoto. Mwaka 1884, alipokuwa na miaka 28, alimwahidi padri kuacha pombe kwa miezi mitatu tu. Kisha aliongeza muda, na mwisho aliahidi kwa maisha yake yote. Hakulewa tena mpaka alipokufa mwaka 1925. Mwaka 1975 Papa Paulo VI alimtangaza kuwa Mtumishi wa Mungu mwenye heshima.

SWALI: Nitawapata wapi wachukuzi wangu?
JIBU: Kwanza mwendee padri au katekista, na muuguzi wa kituo cha afya, uwaulize kama kiko kikundi karibu. Kama hakiko, usikae kungoja. Mwaka 1961 maaskofu wa Kongo walichagua kulijenga Kanisa kwa jumuiya ndogo zilizo hai. Ndiyo mashirika yetu ya mitaani. Katika shirika lako tafuta watu wanne: mmoja aliyekwisha acha pombe, mzee mwenye kutunza siri, jirani unayeweza kumwita hata usiku, na mmoja wa jamaa yako. Kutaneni kila juma, hasa siku ya kupokea mshahara au ya soko, maana ndiyo siku ya hatari. Salini, kila mtu aseme kweli, wala asiwepo wa kuhukumu.

SWALI: Je, mlevi wa siku nyingi aache kwa ghafula?
JIBU: Asifanye hivyo nyumbani bila kumwona muuguzi au daktari. Katika siku za kwanza huweza kutetemeka, kuanguka kifafa, kuona vitu visivyopo, hata kufa. Hayo si mapepo wala uchawi. Ni mwili uliozoea pombe. Apelekwe hospitali upesi.

SWALI: Akianguka tena?
JIBU: Wachukuzi wa Injili hawakumwacha mgonjwa njiani walipokuta mlango umezibwa. Nanyi mfuateni siku ile ile, aanze upya, ahadi ya leo kwa leo.

SWALI: Na mama apikaye kanyanga apate ada ya shule?
JIBU: Tusimtukane, maana watoto wake wataka kusoma. Shirika limsaidie kupata kazi nyingine, kama kutengeneza sabuni ya mawese au kuuza ndagala kavu.

KAZI YA JUMA HILI: Kila shirika lijiulize: ni nani kwetu alalaye kitandani akingoja kuchukuliwa? Mmoja wenu aende kwake asubuhi, kabla hajanywa, amwambie kwa upole, "Ndugu, mimi ni wa kwanza; tutafute wengine watatu."

Bikira Maria, Afya ya wagonjwa, utuombee.