Mtumwa wa Roma na Mvua ya Mawe ya Nyamira

Jumapili ya tarehe 13 Oktoba 1968, kijana mmoja wa Nyamira, Kenya, alisimama kwenye mstari wa kuanzia mbio jijini Mexico City. Jina lake Naftali Temu. Miaka minne nyuma, kule Tokyo, mbio hizohizo za mita 10,000 zilimshinda hata hakuzimaliza. Safari hii alikuwa amezungukwa na majabali. Palikuwapo Ron Clarke wa Australia, mwenye rekodi ya dunia. Palikuwapo Mamo Wolde wa Ethiopia. Na jiji lenyewe limeinuka zaidi ya mita 2,200 juu ya bahari, hewa yake nyembamba, mapafu ya mgeni huisaka pumzi yakaikosa.

Basi niwaulize, wajukuu wangu: katika hayo yote, lipi lilikuwa mikononi mwa Temu? Hewa haikuwa yake, ingawa ilimfaa mtu aliyezaliwa milimani. Miguu ya Wolde haikuwa yake. Aibu ya Tokyo ilikwisha kupita, hana wa kumrudishia. Chake kilikuwa hatua anayoipiga sasa, na ile inayoifuata. Clarke aliishiwa nguvu, akamaliza wa sita, akaanguka na kupewa oksijeni. Wolde akachomoka mbele. Temu hakumwachia. Alimfuata, akampita karibu na mwisho kabisa, akamshinda kwa muda usiotimia sekunde moja. Hiyo ndiyo dhahabu ya kwanza ya Kenya katika Olimpiki, na ililetwa nyumbani na Mgusii.

Swali hilo nililowauliza lina umri mkubwa. Aliyelisisitiza kuliko wote alikuwa mtumwa kilema aitwaye Epictetus. Alizaliwa karibu mwaka 50 baada ya Kristo, katika nchi ambayo leo ni Uturuki, akaishi utumwani Roma. Mguu wake ulikuwa mbovu. Mwili wake ulikuwa mali ya mtu mwingine, na hata saa ya kuamka hakujipangia. Lakini aliruhusiwa kumsikiliza mwalimu, na alipoachwa huru akawa mwalimu yeye mwenyewe. Mfalme Domitian alipowafukuza wanafalsafa Roma, Epictetus alikwenda kufungua shule yake Nicopolis, Ugiriki. Hakuandika kitabu. Ni mwanafunzi wake Arrian aliyeandika aliyoyasikia darasani, ndiyo maana leo tunayo.

Alifundisha hivi: yako mambo yaliyo chini yetu na mambo yasiyo chini yetu. Unalolichagua, unalolikubali, unalolikusudia, hayo ni yako. Mwili wako kuugua, mali yako kupotea, watu kukusifu au kukusema, hayo yana mikono mingine mingi ndani yake. Mtu akiyachanganya makundi haya mawili ataishi akilia na kulaumu. Akiyatenganisha, hata mnyororo hautamfikia ndani. Na waliomfuata hawakuwa watu wadogo tu. Marcus Aurelius, aliyetawala Roma kuanzia mwaka 161 hadi 180, alisoma mafundisho hayo na kuyashika. Hebu lifikirieni hilo: mfalme mwenye majeshi akijifunza kujitawala kutoka kwa mtu aliyewahi kuwa mtumwa.

Watu wa fikra hizi huitwa Wastoa. Wa kwanza wao alikuwa Zeno, mfanyabiashara wa kisiwa cha Cyprus, ambaye inasimuliwa kwamba meli yake ilivunjika na bidhaa zote zikazama. Akafika Athens mikono mitupu, akaanza kusoma, na kama miaka 300 kabla ya Kristo akawa anafundisha kwenye baraza la wazi lenye michoro ukutani, sokoni kabisa, mahali ambapo mpita njia yeyote angeweza kusimama na kusikiliza. Waliutaja wema wa namna nne ambao mtu anapaswa kujenga maisha juu yake: busara, haki, ujasiri na kiasi. Nne hizo zinatembea pamoja. Ujasiri bila haki ni ujambazi, wala sihitaji kuwapa mfano, mmeona wenyewe wakati wa kampeni.

Tushuke sasa shambani. Nyote mnaokaa Nyamira, au upande wa Kisii unaolima chai, mnaijua mvua ya mawe. Asubuhi jua linawaka, majani yanang'aa, mama amehesabu kwamba kesho atachuma vikapu kadhaa. Saa tisa mchana wingu linajikusanya, ngurumo inapita juu ya mabati, na kwa dakika chache mawe yanapiga chai mpaka inabaki vijiti. Majani mawili na kichipukizi, ndiyo yaliyokuwa yakingojewa, yamelala chini yamechanika. Karo ilikuwa pale.

Mstoa angefanya nini hapo? Wengi hudhani angekaza uso na kusema si kitu. Mimi nakataa. Kulia kwa mshtuko si dhambi, na Seneca, Mstoa mwingine wa Roma aliyeandika vitabu vitatu juu ya hasira, alikiri kwamba mtikisiko wa kwanza wa moyo hauzuiliki hata kwa mwenye hekima. Moyo utaruka. Kazi inaanza baada ya kuruka. Mvua haikumlenga mama yako. Bei inayopatikana kwenye mnada wa Mombasa haimjui kwa jina. Lakini kichaka cha chai hakikufa. Kitachipua tena, na kukitunza kipindi hicho ni kazi ya mama. Kwenda kuzungumza na mwalimu mkuu kuhusu karo kabla hajamtafuta yeye, hiyo pia ni kazi yake. Na wewe kutomlaumu kwa kukosa viatu vipya ni kazi yako.

Ila kuna hatari hapa, na ndiyo sababu busara inatajwa mbele. Wako watakaowaambia wakulima: bonasi ni ndogo, basi vumilieni, hayo hayako chini yenu. Ngojeni kwanza. Viwanda vya chai vinavyosimamiwa na shirika la KTDA vina hisa, na wenye hisa ni wakulima. Wakulima hao ndio wanaopiga kura kuchagua wakurugenzi. Mawe ya mbinguni hayapigiwi kura, lakini mkurugenzi hupigiwa. Mzani unaopunja kwenye kituo cha majani una mtu anayeushika, na mtu huyo anaweza kuulizwa mbele ya wenzake. Anayekaa kimya mbele ya dhuluma na kuuita ukimya wake falsafa amejidanganya. Marcus Aurelius hakuketi akasema vita na tauni haviko chini yake. Aliamka kila siku akaenda kazini. Alizika watoto wake wengi wakiwa wadogo, na bado aliamka.

Kiasi sitakikawiza, maana mnahubiriwa kila siku. Nitasema tu kwamba simu inayokuamuru uitazame kila dakika imekuwa bwana wako, na kijana anayebeti pesa za kibarua chake akingoja timu ya Uingereza imwokoe ameikabidhi furaha yake kwa watu kumi na mmoja wasiojua kama yuko duniani.

Lililonifanya niwaite leo ni zito zaidi.

Epictetus alifundisha kwamba jambo likikutokea, akilini huja kwanza picha yake, kisha wewe huikubali au huikataa. Picha ni mgeni anayebisha hodi, nawe ndiwe mwenye nyumba. Usimfungulie kabla hujamuuliza yeye ni nani na ametoka wapi. Watu wengi hawafanyi hivyo. Picha ikibisha tu, imeshaingia, imeketi, inatoa amri.

Tazameni inavyokuwa. Oktoba 2021, huko Marani, Kisii, wanawake wanne wazee waliuawa na kundi la watu waliowaita wachawi. Wanne. Na hawakuwa wa kwanza katika nchi yetu ya Gusii. Mwaka 2008 watu zaidi ya kumi walichomwa kwa tuhuma hizohizo. Nalisema hili kwa uchungu, kwa sababu sisi ndio watu tunaosimama bibi mzee akiingia, tunaompa kiti na kumwita magokoro, yaani nyanya, hata kama si wa ukoo wetu. Waliokuwa kwenye kundi lile nao ni wajukuu wa nyanya zao.

Tuichunguze picha hiyo ya mchawi hatua kwa hatua, kama Mstoa. Mtu ameona nini hasa? Tuseme ameona mwanamke mzee akitembea peke yake usiku. Hapo ndipo macho yanapokoma. Mengine yote, kwamba ana tunguri, kwamba ndiye aliyesababisha ugonjwa wa mtoto wa jirani, yameongezwa na hofu, au na ndugu anayelitamani shamba lake. Uliza: ni nini kingine kinachoweza kumtoa mzee nje usiku? Kukosa usingizi. Kwenda msalani. Na upo ugonjwa wa ubongo uitwao dimensia, unaomfanya mtu asahau njia ya nyumba aliyoishi maisha yake yote. Mgonjwa huyo huweza kuzunguka gizani akiongea peke yake, akashindwa hata kujibu anapoulizwa jina. Anahitaji kushikwa mkono arudishwe kitandani, na apelekwe hospitali.

Uvumi ukifika kwako, shuleni au kwenye kikundi cha WhatsApp, namna zote nne za wema unazihitaji kwa wakati mmoja. Busara iulize: nani aliona, na aliona nini? Kiasi kizuie kidole kisiutume mbele. Haki ikukumbushe kwamba aliyetajwa ana masikio na hajasikilizwa. Na ujasiri, najua ni mgumu, kwa sababu wewe ni mdogo na wanaopiga kelele ni watu wazima, pengine mjomba wako yumo. Sikwambii usimame peke yako mbele ya watu wenye mapanga. Nakwambia umwambie mzazi unayemwamini, au mwalimu, au chifu, mapema, mchana, kabla kundi halijakusanyika. Ukiona limeanza kukusanyika, piga 999 au 112. Kama watakulaumu baadaye kwamba umewachongea, lawama hiyo ni ya upande usio wako. Kusema kwa ajili ya yule mzee ndiko kulikokuwa ndani ya uwezo wako kwa dakika ile.

Na msingoje siku hiyo. Mzee anayekaa peke yake ni rahisi kuzuliwa jambo, kwa sababu hakuna anayejua siku yake ilivyokwenda. Jumamosi hii nendeni wawili au watatu kwa nyanya wa jirani. Mchoteeni maji, mpasulieni kuni. Muulizeni aliolewa kutoka ukoo gani, na shamba lile lilikuwa na nini kabla ya chai kupandwa. Kisha mwambieni ni siku gani mtarudi, na mrudi siku hiyohiyo.