Daftari la Samaki: Lihifadhiwe Nyumbani au Ugenini?

Huko Nchelenge, Mkoa wa Luapula nchini Zambia, biashara ya samaki wa Ziwa Mweru ina majira yake. Kuanzia tarehe 1 Desemba hadi mwisho wa Februari uvuvi hufungwa ili samaki wazaane. Ifikapo Machi mitumbwi hurudi majini, na magunia ya dagaa waitwao chisense husafirishwa hadi Mansa na miji ya migodi.

Chama cha ushirika kinachotaka programu ya kompyuta ya kuandikia mauzo hakina budi kuamua: iendeshwe kwenye mashine ya ofisini, au ipangishwe katika mashine za kampuni ya mbali, kwa huduma iitwayo wingu?

Wingu lina faida. Kampuni ndiyo itunzayo mashine na ulinzi wake, na baadhi ya huduma mpya hutoza kadiri ya matumizi. Basi katika miezi mitatu ya kufungwa ziwa, malipo hupungua. Mashine ya ofisini hudai matunzo hata isipofanya kazi. Na umeme ukikosekana, kama ilivyotokea Zambia mwaka 2024 ukame ulipopunguza maji ya Kariba, nayo huzimika.

Hata hivyo, mpangaji hapangi kodi. Kampuni ya Heroku ya Marekani, iliyozoeleka kwa huduma ya bure, iliifuta huduma hiyo tarehe 28 Novemba 2022. Wateja wakalazimika kulipa au kuhama. Tena, mtandao ukikatika daftari lipo lakini halifunguki, huku mnunuzi akisubiri mizani. Iko pia Sheria ya Ulinzi wa Data ya Zambia ya mwaka 2021, inayoweka masharti juu ya kupeleka habari za watu nje ya nchi.

Kwa hiyo, kabla ya kutia sahihi, yaulizwe mambo matatu. Bei itakuwaje mauzo yakiongezeka? Je, kazi yaweza kuendelea pasipo mtandao? Na kumbukumbu zote zaweza kuchukuliwa na kusomwa na mashine nyingine?

Swali la tatu ndilo zito. Familia za askari, zilizozoea uhamisho, zinafahamu kuwa mzigo usiofungika huachwa nyuma. Mama mwenye duka kambini naye afanye vivyo hivyo: apangishe akipenda, lakini kila Jumamosi nakala ya hesabu zake ibaki nyumbani.