Mali bila Daftari

Wahenga walisema ya kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Neno hili lawahusu sana vijana na akina mama wanaoanza biashara katika kata yetu ya Ulemo, wilaya ya Iramba. Huyu hununua alizeti kwa wakulima, akaikamua na kuuza mafuta. Yule hukusanya kuku wa kienyeji. Mwingine amepanga kibanda cha vitunguu. Bidii wanayo, na mtaji wameupata kwa taabu. Lakini wengi huangushwa na mapatano yasiyoandikwa.

Tuchukue mfano. Mama mmoja akopesha magunia kumi ya alizeti kwa mnunuzi atokaye mbali. Wapeana mikono, bei yatajwa kwa mdomo, malipo baada ya wiki mbili. Miezi miwili yapita. Mama akimbilia polisi, naye aambiwa ya kwamba deni ni shauri la madai, aende mahakamani. Huko aulizwa: Shahidi wako ni nani? Karatasi iko wapi? Hana. Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, haikatai patano la mdomo. Ila mwenye kudai hana budi kuthibitisha, na maneno matupu huthibitika kwa shida. Basi ada ya shule ya watoto imekwenda na magunia yale.

Wengine husema, “Kuandikishana na jirani ni kutoaminiana.” Je, ni kweli? Someni Yeremia sura ya 32. Nabii yule alinunua shamba la Anathothi kwa Hanameli, jamaa yake mwenyewe. Hata hivyo alipima shekeli 17 za fedha, akatia sahihi hati, akaita mashahidi, kisha akaagiza hati iwekwe katika chombo cha udongo ipate kudumu. Karatasi haivunji udugu. Huulinda, kwa maana yazuia ugomvi wa kesho. Kanisa nalo halibatizi mtoto bila kuandika jina lake kitabuni.

Yafaa basi kila anayeanza biashara afundishwe mambo manne.

Kwanza, kuandika patano. Ukurasa wa daftari la shule watosha. Yaandikwe majina kamili, namba za vitambulisho na simu, bidhaa na kipimo chake, bei, siku ya malipo, na itakavyokuwa mtu asipolipa. Watie sahihi wote wawili na mashahidi wawili wasio na faida katika jambo hilo, na kila upande ushike nakala yake. Asiyejua kusoma asomewe mbele ya shahidi, ndipo aweke dole gumba. Wanaopatana wawe wametimiza miaka 18.

Pili, kuuza kwa mizani. Gunia la lumbesa, lile lenye kilemba juu, limekatazwa, na Wakala wa Vipimo ndio wenye kazi ya kukagua mizani. Anayekubali kilemba ampa mnunuzi sehemu ya jasho lake bure.

Tatu, daftari la mauzo. Kwa viwango vya kodi vilivyowekwa mwaka 2019, mfanya biashara mdogo ambaye mauzo yake ya mwaka hayakuzidi shilingi 4,000,000 hakutozwa kodi ya mapato. Aliyeuza 5,000,000 bila kumbukumbu alitakiwa kulipa 100,000. Mwenye kumbukumbu timilifu alilipa asilimia 3 ya ile 1,000,000 iliyozidi, yaani 30,000. Daftari limemwokolea 70,000! Kwa kuwa viwango hubadilika, ulizeni ofisi ya TRA kila mwaka. Namba ya mlipa kodi hutolewa bure. Asiwadanganye mtu kuwauzia.

Nne, mkopo. Usitie sahihi usichokisoma. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 yakataza mume au mke kuweka rehani nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake. Na vikundi vya kuweka na kukopa vyatakiwa kusajiliwa kwa Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018.

Nani atafundisha? Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 imewatambua wasaidizi wa kisheria, watu waliofunzwa kueleza sheria na kusuluhisha. Hawasimami mahakamani badala yako, lakini watakuonyesha njia, na msaada huo kwa wasio na uwezo ni wa bure. SIDO nalo, shirika la viwanda vidogo lililoundwa mwaka 1973, lafundisha wenye kuanza biashara.

Lakini hotuba peke yake haitoshi. Kila mwalimu ajua ya kwamba mwanafunzi hushika lile alilolitenda kwa mkono wake. Kwa hiyo katika mafunzo kila mtu apewe kalamu. Wawili wawili wapatane, mmoja muuzaji, mwingine mnunuzi, waandike hati yao. Kisha wa tatu akae kama hakimu, aulize: Kipimo kipi? Siku gani? Shahidi nani? Palipo na upungufu pataonekana mara moja, nao wataucheka pamoja, bila hasara ya gunia hata moja.

Na shauri likitokea kweli? Mwendee mwenzako kwanza pamoja na mashahidi. Ikishindikana, mwone msaidizi wa kisheria. Kisha iko Mahakama ya Mwanzo, ambako mashauri huendeshwa kwa Kiswahili, lugha uijuayo. Wenye kwenda na hati yao hawana haja ya kutetemeka.

Enyi viongozi wa vikundi na jumuiya, tengeni saa moja katika mkutano wenu ujao kwa kazi hii. Nanyi akina mama na vijana, kabla alizeti ya msimu huu haijapakiwa garini, nunueni daftari na kalamu.